Nilivyompeleka Baba Mkwe Kuwinda Nyati

Tangu nirudi, kila anayeleta mpunga mashineni kwangu ananiuliza swali moja kabla hata hajashusha gunia: "Baba Kulwa, nyama ya nyati iko wapi?" Nimejibu mpaka taya zimechoka, na kila nikijibu mtu anatia chumvi yake. Juzi nimesikia eti nyati alinikimbiza nikapanda mti miguu mitupu. Jamani! Sikupanda mti wowote. Basi kaeni nisimulie mara moja, nisiulizwe tena. Habari za vibali na mihuri nitaziruka, maana hizo nazo zilikuwa safari nyingine, na mkizisikia mtasinzia.

Kwanza mjueni huyo mzee. Baba mkwe wangu, Mzee Nkwabi, alifanya kazi miaka thelathini kwenye kampuni moja ya uwindaji. Kazi yake ilikuwa kufuata nyayo na kubeba bunduki za wageni. Akishamwona nyati anampa mgeni bunduki, mgeni anapiga, mgeni anapigwa picha. Miaka yote hiyo yeye hakuwahi kumpiga mnyama hata kwa risasi moja. Alipostaafu akanunua bunduki yake mwenyewe, ile kubwa ya kuulia nyati, akaapa kwamba kabla hajafa atapiga nyati mmoja kwa kibali chenye jina lake. Mwaka huu kibali kikatoka, na mimi nikateuliwa kumsindikiza.

Asubuhi ya kuondoka nyumbani Didia, mke wangu akanivuta nyuma ya jiko.

"Baba Kulwa, baba haoni."

"Haoni vipi, na jana kanisalimia kwa jina?"

"Kasikia baiskeli yako inavyolia. Haoni! Uji anaumwagia nje ya kikombe, halafu anafukia kwa mguu haraka haraka tusijue. Nikimwambia twende kwa daktari ananiuliza kama nimemchoka. Sasa anakwenda kushika bunduki. Mwambie wewe, kabla hajaifyatua."

"Mimi? Mkwe?"

"Wewe. Ukirudi hujamwambia, mlango huu usiugonge."

Mimi na huyo mwanamke tuna miaka kumi na tisa ya ndoa, na katika miaka hiyo yote sijawahi kumwambia baba yake neno "hapana". Akisema mvua itanyesha, natafuta mwavuli hata kama jua linachoma utosi. Kwetu baba mkwe hakosolewi. Akifunga vifungo vya shati vikapishana, unaangalia pembeni mpaka agundue mwenyewe. Sasa leo nikamwambie kwamba ni kipofu?

Didia hadi Masumbwe

Mama mkwe alitufungia michembe ya viazi vitamu na karanga, na chupa ya chai. Alinipa kifurushi kwa kukiweka chini, akarudi nyuma hatua tatu, ndipo mimi nikakiokota, kama desturi inavyotaka. Mzee alikuwa amevaa koti lake la kazini, la kijani, lenye mifuko minane. Alinukia sabuni. Nawaambieni, nilimwonea huruma palepale, maana alikuwa na furaha ya bwana harusi.

Kwenye basi tulikaa kiti kimoja. Mkijua adabu ya ukwe mtajua taabu niliyoipata. Kila basi likipiga kona nilijibana dirishani nisimlalie mzee, naye akajibana upande wa pili asinilalie mimi, na katikati yetu pakabaki nafasi ambayo mama mmoja aliyesimama aliitazama kwa hasira njia nzima. Mwishowe akauliza, "Hapo katikati mmemwekea nani?" Mzee akasema, "Keti, mama." Akaketi, akatubana sawasawa, na mimi nikashukuru Mungu.

Kahama tairi likapasuka. Tulikaa saa nne chini ya turubai la muuza chipsi. Nikasema moyoni, haya, hapa ndipo pa kumwambia. Nikakohoa. "Baba."

"Naam, mkwe."

"Hii... hii michembe ni mitamu."

"Mama yenu anajua kuikausha," akasema. Akanyoosha mkono kuchukua mwingine, akapapasa meza, akapita karibu na sahani bila kuigusa. Nikaisogeza taratibu mpaka chini ya vidole vyake. Akauchukua. Tukala.

Masumbwe, kwa fundi wa bunduki

Bunduki ya mzee ilikuwa ikitunzwa na fundi mmoja mwenye leseni, Mzee Shija, Msumbwa, mtu wa maneno machache. Alizilaza bunduki mbili juu ya gunia safi. Ya kwanza ilikuwa ile ya mzee, nzito, mtutu mnene, ya kulenga kwa jicho tupu. Ya pili ilikuwa ya fundi mwenyewe, nyepesi kidogo, yenye nguvu ya kumtosha nyati, na juu yake imefungwa darubini. Kibali kilikuwa kimezitaja zote mbili. Nilishasema, karatasi msiniulize.

"Wengi wanachagua bunduki kwa ukubwa wa mnyama," fundi akasema. "Mimi nawaambia wachague kwa bega lao na jicho lao. Hii kubwa inapiga teke kama punda. Ukishaiogopa unafumba macho kabla haijalia, na hapo hata tembo utamkosa. Chukua hii yenye darubini, mzee mwenzangu."

Mzee Nkwabi akaichukua. Akaiweka begani, na hapo nikaona mambo. Kila kitu kilikaa mahali pake, kitako ndani ya bega, shavu kwenye mti wa bunduki, miguu imara, na pumzi ikashuka. Mtu aliyewabebea wengine bunduki miaka thelathini alikuwa amejifunza kila kitu kwa kuangalia. Akachungulia kwenye darubini. Akachungulia muda mrefu mno. Mimi nilikuwa karibu, nikaliona lile jicho, na katikati yake palikuwa peupe kama tui la nazi.

Akaishusha. "Darubini ni ya watu wasioona," akasema. "Mimi nachukua yangu."

Fundi akanitazama. Nikaitazama dari.

Tulikwenda kuijaribu kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, nje ya mji, mbele ya ukingo mrefu wa udongo. Fundi akasimamisha boksi la sabuni, akachora duara kwa mkaa, akahesabu hatua hamsini. Kwanza akanifundisha na mimi, ili nijue. "Triga usiivute. Ibonye kama unavyobonya embe kuona kama limeiva. Na usipige kitu usichokijua, wala usichojua nyuma yake kuna nini." Bega langu liliuma siku tatu.

Mzee akapiga tatu. Vumbi likaruka kwenye ukingo, moja huku, moja kule, ya tatu sijui ilikwenda wapi.

"Nenda kaangalie, mkwe."

Nikaenda. Boksi lilikuwa zima kama lilivyotoka dukani. Nikasimama pale nimewapa mgongo. Nikageuza shingo kidogo nikamwona kasimama wima na koti lake, anasubiri. Ndugu zangu, mnajua mfukoni huwa natembea na peni ya kuandikia magunia. Niliichomoa. Nikatoboa boksi mara tatu, katikati kabisa ya lile duara.

Mzee akalipokea boksi kwa mikono miwili. Akayapapasa matundu kwa kidole, moja moja, polepole. "Yamekaribiana," akasema.

"Yamekaribiana, Baba."

Fundi alisubiri mzee aende kunawa mikono. Akanisogelea. "Nimetengeneza bunduki miaka mingi," akasema, "lakini sijawahi kuona risasi yenye wino wa bluu." Nikajieleza kwamba yule ni mkwe wangu. Akatikisa kichwa. "Najua ni mkwe wako. Na huko porini kuna watu."

Rwamgasa, siku mbili bila kutaka

Gari tulikuwa tuazimwe na Doto, mtoto wa dada yake mzee, mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu pale Rwamgasa. Tulifika tukakuta betri imekufa na nyingine imeagizwa Geita. Doto alituapia kwamba inakuja saa hiyo hiyo. Ilikuja baada ya siku mbili.

Sasa bunduki ilikuwa ndani ya sanduku refu, jeusi, lenye kufuli. Tukakaa kwenye mgahawa wa Mama Neema, Muha wa Kigoma, tukaagiza ugali wa muhogo na sato. Akatuletea sato wawili ambao hatukuwaagiza. Akaleta na mlenda. Nikashangaa ukarimu huu. Mara wachimbaji wakaanza kuingia mmoja mmoja, wamejaa vumbi, wanaketi meza za jirani hawaagizi kitu, wanalitazama sanduku. Tukitoka wanatoka. Tukienda chooni wanasimama njiani. Mmoja akamwamkia mzee kwa unyenyekevu mkubwa, "Shikamoo mtaalamu."

"Marahaba," mzee akajibu, kifua mbele.

Asubuhi Mama Neema akapiga magoti kando ya mzee. "Baba, kabla hujaenda kwingine, nipimie tu hapa jikoni, chini ya mafiga. Mume wangu siku zote anasema mwamba unapita hapa."

Ndipo nikaelewa. Walidhani tuna ile mashine ya kunusa dhahabu ardhini! Kufika saa tano mwenyekiti wa kitongoji akaja na watu kama arobaini, anataka kujua tumepewa na nani ruhusa ya kupima. Mzee akaniambia nifungue sanduku. Nikafungua. Wakasogea, wakachungulia, kisha pakatoka mguno mmoja mrefu.

"Aah! Kumbe bunduki tu!"

Wakatawanyika kwa hasira kabisa. Mwenyekiti akasoma kibali chetu kama mtu asomaye tangazo la msiba. Mchana ule sato alikuwa mmoja, na mkia umeungua.

Lakini kitu kimoja cha Rwamgasa bado kinanichoma. Jua lilikuwa linazama, tunatembea kunyoosha miguu, tukapita bombani. Akina mama walikuwa wameacha madumu yao ya maji kwenye mstari wakaenda zao. Mzee akasimama, akavua kofia, akayaambia madumu, "Hamjambo, wanangu?"

Kimya. Akasubiri. Niliona uso wake unaanza kuingiwa na wasiwasi, maana mzee akisalimia haachwi hivihivi. Nikageukia pembeni, nikaibana sauti, nikajibu, "Hatujambo, shikamoo."

"Marahaba," akasema, akavaa kofia, tukaendelea.

Kicheko kilinijia, halafu kikageuka kuwa kitu kingine, nikawa nafuta macho kwa mkono wa shati. Nikajiambia, kesho. Kesho lazima.

Porini

Huko magharibi tulipokelewa na askari wa wanyamapori aliyepangwa kuongozana nasi, Afande Rehema, binti wa Tanga mwenye sauti laini na buti kubwa. Alimsikiliza mzee akieleza kazi aliyofanya, akamwita mwalimu tangu dakika ile.

Na jamani, alistahili. Siku ya kwanza nilijua kwamba sijawahi kumjua baba mkwe wangu. Aliinama kwenye unyayo, akaingiza vidole, akapapasa kingo zake. "Kapita alfajiri, kingo bado hazijakauka." Alishika kinyesi akakivunja mkononi. "Dume, mzee, yuko peke yake." Alisimama akavuta upepo puani, akatugeuza njia. Afande Rehema anaandika kwenye kidaftari! Kwa saa sita mtu yule asiyeona sahani alituongoza porini na hatukukosea hata hatua moja. Nikaanza kujidanganya kwamba pengine mke wangu amekosea.

Siku ya pili, saa mbili asubuhi, tulikuwa tumefuata nyayo za yule dume mpaka karibu na mpaka wa pori. Mzee akainua mkono. Akanong'ona kwamba watu watatu ni kelele, afande atusubiri kwenye kichuguu, mimi nije naye. Tukatambaa mpaka kwenye kichaka. Mbele yetu, kama hatua sitini, kwenye nyasi ndefu, palikuwa na mnyama mkubwa mweusi, kasimama ubavu.

"Ndiye," Mzee akasema. Akaiinua ile bunduki yake nzito, kitako begani, shavu kwenye mti. Nikasikia kufuli ya usalama ikisukumwa, tik.

Mnyama akageuza kichwa. Pembe zilikuwa nyembamba, zimepanda juu. Kwenye paja palikuwa na alama ya moto. Na nyuma yake, kwenye nyasi hizohizo, alikuwa amechuchumaa mtu mwenye blanketi, anakaza mkanda wa katambuga zake za tairi.

Sauti haikutoka. Naapa kwa Mungu, nilifungua mdomo na kilichokuja ni "Baba", basi, kama pale kwenye michembe. Nikaona kidole chake kinaanza kubonya. Nikafanya kitu ambacho mkwe hafanyi: nilimshika. Mkono mmoja begani, mwingine kwenye mtutu, nikaukandamiza chini.

"Hapana, Baba. Ni ng'ombe. Na nyuma yake kuna mtu. Baba, huoni."

Hakunipinga. Alishusha bunduki, akatoa risasi moja moja, akaziweka mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko. Kisha akakaa chini kwenye vumbi na koti lake la kijani. Msukuma asiyemtambua ng'ombe! Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake.

"Mnajua tangu lini?" akauliza.

"Mama Kulwa tangu mwaka jana. Mimi nilihakikisha Masumbwe."

"Masumbwe. Risasi ya bunduki hii inatoboa tundu la kuingia kidole, mkwe. Nililipapasa lile boksi. Hata kidole changu cha mwisho hakikuingia."

"Ulijua?"

"Nilijua. Nikanyamaza nisikuaibishe."

Hapo akalia. Alilia kama wanaume wa umri wake wanavyolia, bila sauti, machozi yanapita kwenye mikunjo. "Nilisema mradi hakuna anayelitamka, bado naona kidogo," akasema. "Ningemuua mtu wa watu, Baba Kulwa. Mimi niliyewafundisha wazungu wasipige wasichokijua." Na mimi nikalia. Tuliona tumekaa wawili, kila mmoja anamstahi mwenzake, na katikati ya heshima yetu alikuwa amechuchumaa yule mtu na katambuga zake.

Mfugaji alipotuona alinyanyua mikono, akidhani tumekuja kumkamata kwa ng'ombe aliyepotea mpakani. Mzee akainuka, akamwendea kwa kufuata sauti yake ya kujitetea, akamwamkia Kisukuma, akamwambia mwenyewe bila kuficha, "Mwangaluka. Nimekulenga bunduki, wewe na ng'ombe wako. Macho yangu ni mabovu. Naomba unisamehe." Yule mtu akamtazama, akanitazama mimi, akamtazama ng'ombe. Kisha akafungua kibuyu chake akatupa maziwa ya mgando, tukanywa kwa zamu, tumesimama. Afande Rehema alipofika alielezwa yote. Hakumfokea. Alimwambia tu, "Mwalimu, bunduki nipe mimi niibebe." Akampa.

Kurudi

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hawakusema afanyeje yule anayemfichia. Njia nzima ya kurudi mzee alinishika mkono hadharani, kwenye mifereji, kwenye ngazi za basi, na mimi nikawa namwambia: jiwe, Baba; dimbwi, Baba; huyo si mtu, ni gunia la mkaa. Mara ya kwanza nilijikuta nanong'ona. Akasema, "Sema kwa sauti, kila mtu ana macho yake." Kwenye basi nikasinzia begani kwake mpaka Kahama, na hakuniamsha.

Didia walitulaki na masufuria. Mzee aliwaambia hakuna nyama, akaingia ndani akakaa. Mke wangu akanitazama mlangoni. Nikaitikia kwa kichwa. Akaniachia njia.

Daktari wa macho Shinyanga mjini alisema ni mtoto wa jicho, amekomaa, angeweza kutolewa miaka mitatu iliyopita. Walianza na jicho la kulia, lile la kulengea. Kesho yake asubuhi nesi alituita, akamketisha kitandani, akaanza kubandua bandeji. Mama mkwe alisimama mlangoni kwa sababu yangu. Mke wangu alinishika mkono akauminya.

Mzee akapepesa. Akautazama ukuta, dirisha, mikono yake mwenyewe pande zote mbili. Halafu akanigeukia mimi. Akanitazama kwa muda, toka utosini mpaka kidevuni, maana mara ya mwisho aliponiona sawasawa mgongo ulikuwa haujaanza kuniuma.

"Kumbe una mvi," akasema.

"Ninazo, Baba."

"Nyingi."

"Nyingi, Baba."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Na hilo nalo hukuniambia."